Kinyama cha Mguuni

Kilianza kama chunjua juu ya kifundo cha mguu wangu wa kushoto, chekundu, kinang'aa kama tunda la kahawa lililoiva. Kapu likikigusa tu, kinatoa damu. Edson, mganga wa zahanati ya kijijini, akakikata, akakitia kwenye kichupa chenye dawa. Kilimtia shaka, akasema kipelekwe Mbeya kupimwa. Mume wangu Boazi akajitolea kukipeleka. Alitoka asubuhi na koti lake la kanisani, akarudi jioni, akasema tusubiri majibu.

Tukasubiri. Kidonda kikafunga, mahindi yakavunwa, na kila nilipouliza alinijibu kwamba Mbeya wana watu wengi. Kisha kinyama kikaota tena palepale, kipana kuliko cha kwanza, na mtoki ukanivimba kinenani, mgumu kama kokwa la parachichi. Haukuuma, ndiyo maana nikachelewa.

Safari hii tulikwenda wote wawili. Daktari Lusubilo, binti mdogo tu, alitupa shikamoo, akaushika mguu wangu taratibu, akachukua kipande. Tulipofuata majibu alituketisha kwanza. Ni saratani ya tezi za jasho, akasema, zile zilizomo ndani ya ngozi. Ni ya nadra. Yeye mwenyewe ameisoma zaidi kuliko alivyoiona.

"Jasho?" Boazi akauliza. "Kwa kulima kwetu, si kijiji chetu kizima cha Hasamba kingekwisha?"

"Kulima hakuhusiki, Babu. Kile cha kwanza majibu yake yalisemaje?"

Boazi akaigeuzageuza kofia yake magotini.

"Hakikupimwa. Nilikizika."

Kwa ukoo wao nyama ya mtu haiachwi kwa wageni. Vitovu vya wanetu, hata kidole cha kaka yake kilichokatwa na mashine ya kukoboa, vyote vimo uani kwetu. Siku ile Boazi alifika stendi ya Vwawa na kichupa mfukoni, akashindwa kupanda basi. Akashinda kwa dada yake kule Mbozi Mission, na giza lilipoingia akakizika nyuma ya nyumba yetu, akapanda mche wa kahawa juu yake.

Daktari hakumgombeza. Alinieleza mimi kwamba kingesomwa mapema, pengine kisu kingeishia mguuni. Sasa picha ilionyesha madoa kwenye mapafu. Watakata kinyama cha mguuni na mtoki wa kinenani ili vidonda visinioze nikiwa hai. Kupona hakukutaja.

Siku ya kukatwa, Boazi alikipeleka kichupa kipya hadi dirisha la maabara, akakishikilia mpaka yule wa ndani akamwomba akiachie.

Tuliporudi nyumbani nilijikongoja na magongo hadi nyuma, nikamkuta na jembe kando ya ule mche. Ulikuwa umeshika vizuri, majani yanameremeta. Alitaka kuung'oa.

"Uache, Baba Tabita," nikamwambia. "Siku ikifika, chimba hapa pembeni. Niwe mahali pamoja."

Akaliegemeza jembe ukutani, akachukua ndoo, akaenda kuuchotea maji.