Mawe ya Nguzo

Rukaya alikuwa mjane mwenye duka la vitenge mjini Tarime, na mwanzoni, alipoingia ubia na Mogesi, hakuwa na wasiwasi wowote. Mogesi alikuwa na duara la dhahabu kule Nyakunguru, shimo alilolichimba na vijana wake wachache. Rukaya alitoa mtaji wa magogo, pampu na chakula. Mawe yakipatikana wanagawana. Yasipopatikana, hasara ni yao wote. Ndivyo alivyofundishwa tangu madrasa: anayetaka faida sharti aikubali na hasara.

Kaka yake Athumani ndiye aliyeyageuza mambo. Alisema mjane hana haki ya kubahatisha, akamwandikia Mogesi masharti mapya: kila Jumamosi alete mifuko kumi ya mawe, mwamba uwe na mali au usiwe nayo. Rukaya aliuliza kama hiyo si riba. Athumani akatabasamu, akajibu kwamba riba ni ya pesa, haya ni mawe tu. Rukaya alijua jibu hilo lina walakini, lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa na ada za watoto wake hazijalipwa, akanyamaza. Mogesi naye hakuwa na mtu mwingine wa kumpa mtaji. Akakubali.

Mifuko ikaja. Ilikuja hata wakati wachimbaji wote wa Nyakunguru walipokuwa wakilia kwamba mali imepotea. Mogesi aliileta mwenyewe, akaishusha mlangoni, akakataa chai. Kila juma alikuwa amekonda zaidi, na hakumtazama Rukaya usoni.

Siku moja Rukaya alitia mkono katika mfuko mmoja wa Mogesi, akatoa jiwe. Upande mmoja lilikuwa na makali, upande wa pili limelainika na kung'aa kwa mafuta, kama kiti kilichokaliwa miaka mingi. Akalipeleka kwa Vincent, mwenye mashine ya kusagia mawe. Vincent aliligeuza mara moja tu.

"Hapa watu wameegemea migongo, mama. Hili halijatoka mbele wanakochimba. Limetoka kwenye nguzo."

Rukaya hakuhitaji kuelezwa zaidi. Nguzo ni mwamba ambao wachimbaji huuacha makusudi ili ushikilie paa la shimo. Mogesi alikuwa akimlisha paa lake mwenyewe.

Alipanda bodaboda hadi Nyakunguru. Nyangi, mkewe Mogesi, alimpokea, akamwonyesha ukuta wa jiko lao, lililo hatua chache kutoka mdomo wa shimo. Ulikuwa umepasuka toka chini hadi juu. Wameuziba kwa udongo, akasema, nao unafunguka tena. Mbwa wao amehamia kwa jirani, harudi hata akiitiwa chakula.

Mogesi aliitwa, akapanda juu akiwa mweupe kwa vumbi.

"Mogesi, unakula nguzo?"

Hakukana. "Mbele ni maji na mwamba mtupu. Na neno langu nilikupa mbele ya kaka yako."

"Neno lile lilikuwa baya tangu mwanzo, na mimi nilijua. Limekwisha. Hasara ni yetu wote. Toa watu wako."

Mogesi akawaita vijana wake juu. Lakini uso wake haukutulia. Alieleza kwamba shimo lake na la Sadock, jirani yake, yameshakutana chini, imebaki nguzo moja katikati, na watu wa Sadock wanaichonga kutoka upande wao. Sadock naye anadaiwa mifuko kila Jumamosi. Anayemdai ni Athumani.

Rukaya alimpigia simu kaka yake. Athumani alimsikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Dada, usiharibu biashara za watu. Makubaliano ni makubaliano." Akakata.

Wakaenda kwa Sadock. Alikataa, kesho ni Jumamosi, alisema, na ng'ombe wake ndio dhamana. Rukaya akamwambia mifuko yake ya kesho na ya Jumamosi zote ameibeba yeye, atauza duka ikibidi. Sadock akaitikisa kamba kuwaita watu wake.

Walipanda mmoja mmoja. Wa mwisho, Kisyeri, alikuwa bado hajafungua kamba kiunoni ardhi iliponguruma chini ya miguu yao. Midomo ya mashimo yote mawili ikazama, vumbi likatoka kama moshi wa tanuru, na jiko la Nyangi likaingia ndani pamoja na sufuria motoni. Watu wakahesabiana, wakarudia. Hakuna aliyebaki chini.

Athumani alifika jioni. Alisimama mbali na ukingo, hakuuliza habari za mtu yeyote. Alimwambia Sadock kwamba deni halifukiwi na mawe, na kwamba kule Kewanja ana maduara mengine kwa masharti hayo hayo, wenyewe hawajalalamika.

"Ya nani?" Rukaya aliuliza.

Athumani aliwasha pikipiki yake.

"Kaka, ni maduara ya nani?"

Akaondoka. Rukaya alimgeukia Mogesi, naye akatikisa kichwa, hakuwajua. Basi wakashika njia ya Kewanja kwa miguu, giza likiwaingilia, wakiuliza nyumba hadi nyumba ni nani kati yao anayempelekea Athumani mawe kila Jumamosi, wapate kumwonya. Katika nyumba za kwanza, watu waliposikia jina la Athumani walifunga milango.