Kiti cha Beryl

Ngaire alitoka Wellington, mji wa matetemeko, akaolewa Christchurch, ambako watu waliamini ardhi yao ina adabu. Kosa lake la kwanza ukweni lilikuwa kusema kwamba ile dohani nzito ya matofali juu ya sebule ibomolewe.

"Ya kwetu baba aliibomoa nikiwa mdogo," alisema.

Mzee Mervyn, baba mkwe wake, alicheka nusura apaliwe na nyama ya kondoo. "Mwanangu, hiyo ni Wellington! Kwenye ramani ya matetemeko kwenu kumekolezwa rangi, huku kweupe. Usituletee uchuro."

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema lolote juu ya mwenyeji asiyetaka kupona.

Basi Ngaire akahangaika na kiti. Mama mkwe wake, Beryl, alizoea kufuma sweta mbele ya meko, chini kabisa ya dohani, hata kiangazi moto ukiwa umezimwa. Kila Jumapili yeye na mumewe wakienda kula kwa wazee, Ngaire alikivuta kiti hadi dirishani. Beryl alihamia huko bila neno, maana alimpenda. Mervyn alinung'unika wiki nzima, na ikifika Jumamosi kiti kimesharudi mekoni.

Septemba ardhi ikatikisika kweli. Dohani za majirani zilianguka. Ya Mervyn ilipata ufa tu. Mzee akatamba mtaa mzima.

"Umeona? Imepewa mtihani, imefaulu! Sasa zamu ni ya kwenu."

"Baba, ina ufa."

"Hata mimi nina makunyanzi. Nimeanguka?"

Wote walicheka, na Grant, mume wa Ngaire, alicheka nao. Walipokuwa garini akamwambia, "Mpenzi, kila Jumapili kiti, kiti! Mwache mzee. Funika kombe mwanaharamu apite."

Ngaire alivumilia miezi kadhaa kuitwa kisirani, kisha akachoka. Jumapili moja ya Februari alikula, akaosha vyombo, asikiguse kiti.

"Leo hunihamishi?" Beryl aliuliza.

"Leo starehe, mama."

Beryl alibaki mekoni na sweta lake. Jumanne mchana tetemeko lilirudi, na dohani ikashuka pamoja na paa. Walimtoa Beryl chini ya matofali, uzi bado umemzunguka vidoleni. Dirishani hakukuvunjika hata kioo.

Baada ya mazishi Mervyn alihamia kwa mwanawe. Kisha asubuhi moja mezani alimgeukia Ngaire, macho mekundu.

"Wewe ndiye uliyejua. Sisi tulikuwa wajinga, sawa. Lakini wewe ulijua! Kwa nini Jumapili ile hukukihamisha?"

Hasira ilimpanda Ngaire, na chini ya hasira kulikuwa na swali hilohilo, ambalo hakuacha kujiuliza tangu Jumanne ile. Alimtazama mumewe, akangoja aseme. Grant alikoroga chai yake, akaendelea kukoroga mpaka ikapoa.