Askari wa Madirisha Mawili

Kwa miaka minane askari alisimama juu ya kabati la Fundi Meno bila kichwa. Vingine vyote alikuwa navyo: koti refu la baridi lenye mikunjo, mkanda, chupa ya maji, bunduki begani, buti zenye tope lililokauka visiginoni. Kutoka buti hadi kola alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Wageni walipouliza kichwa kiko wapi, mke wa Fundi Meno alikuwa na jibu lake tayari. "Kimekwenda likizo," alisema, na kuwakaribisha chai.

Fundi mwenyewe hakucheka wala hakununa. Kila Jumamosi alimpangusa askari vumbi kwa brashi laini, akianza na mabega. Kazini kwake alitengeneza meno ya bandia. Alijua weupe wa aina kumi na sita, na ufundi wote ulikuwa kuliingiza jino jipya kinywani bila wenzake kulishtukia. Mtu wa namna hiyo hapendi kitu kionekane. Hata ugomvi wake na kaka yake aliuficha vizuri, isipokuwa hapo juu ya kabati.

Kichwa kilikuwa kwa kaka mtu. Huyo alikuwa mchora mabango, na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, mji mzima ulimwita Mashoto. Wazazi walipofariki ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha kwa kuchora kuku na matairi kwenye kuta za maduka. Jioni walikaa meza moja wakiunganisha na kupaka rangi sanamu ndogo za askari, zile zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi. Mashoto alipenda sanamu kuliko mabango. Alisema bango linatazamwa na mtu anayepita, ila sanamu inatazamwa na mtu aliyekaa.

Mashoto alikuwa na sheria moja. Sanamu ndogo haitosheki na mwanga wa chumbani. Lazima mpakaji aupake mwanga wenyewe, rangi nyepesi upande mmoja wa kila mkunjo, nzito upande wa pili, kana kwamba jua limesimama mahali pamoja. Na mahali pa Mashoto palikuwa kulia. Mtu wa mashoto hukaa dirisha likiwa kulia kwake, mkono usimtie kivuli kwenye kazi, basi askari wote wa nyumba ile walipigwa na jua kutoka kulia. Mdogo mtu, aliyetumia mkono wa kulia na aliyekaa ng'ambo ya meza, naye alipaka hivyo hivyo. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa ugomvi. Miaka tisa iliyopita Mashoto alipeleka sanamu yake ya mpiga ngoma kwenye maonyesho ya ukumbi wa maktaba. Usiku wa kuamkia maonyesho, Fundi Meno aliutazama mdomo wa yule mpiga ngoma akauona umekaa bapa. Midomo ndiyo riziki yake, angeachaje? Akachukua brashi, akatia kivuli chembamba chini ya mdomo, akaenda kulala. Kesho yake mwamuzi alimsifu mpiga ngoma mbele ya watu, na zaidi ya yote akasifu kile kivuli. Mashoto alipokea kikombe cha ushindi, akateremka jukwaani, akakiweka mapajani mwa mdogo wake. "Chukua chako," alimwambia, akatoka.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwa kimya cha miaka tisa, jirani yao angelima hadi akachoka, akauza jembe. Hawa wawili walikutana misibani tu, wakasalimiana kwa ajili ya watu. Yule askari wa koti refu walikuwa wamemwagiza pamoja kwa posta kabla ya yote hayo. Boksi lilibaki kwa mdogo. Kichwa kilikuwa kimeshatiwa mfukoni mwa shati la mkubwa, maana Mashoto siku zote alianza na uso.

Shemeji, mke wa Mashoto, alikuja Jumapili moja mchana, akavua viatu, akamtazama Fundi Meno toka juu hadi chini.

"Shemeji, umenenepa. Au meno mengine unayameza?"

"Nameza ya wadaiwa tu. Karibu."

Alikaa, akafungua mkoba, akatoa kikopo cha vidonge. Ndani, juu ya pamba, kilikuwapo kichwa.

"Kaka yako kakuletea. Presha ya macho, shemeji. Jicho moja limeshakwenda, na hili lililobaki linaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Daktari kasema kilichokwenda hakirudi."

"Tangu lini?"

"Ungekuwa unakuja ungejua lini." Alisema bila ukali, akajimiminia chai. "Hicho kakipaka miezi minne. Nikimwambia lala, ananiambia nimwondokee kwenye mwanga. Kasema ndicho cha mwisho. Kasema umalizie, atakuja kumwona askari Jumapili ya tatu kuanzia leo, akiwa bado anaona. Na kasema nikwambie mwanga ni ule ule."

"Kasema hivyo?"

"Mwanga ni ule ule, wewe unajua. Mimi sijui maana yake, nimebeba tu."

Alipoondoka, Fundi Meno alimteremsha askari, akakishikiza kichwa shingoni kwa tonge la nta ya kazini, akarudi nyuma hatua mbili. Uso ulikuwa mzuri kupita kiasi. Ulikuwa uso wa mtu aliyesubiri amri muda mrefu na hajali tena itakuja au haiji. Ndevu za siku mbili, ngozi ya pua iliyobanduka kwa baridi. Jua lilimpiga shavuni kutoka kulia. Koti nalo lilipigwa na jua, mikunjo yote kumi na tisa, kutoka kushoto.

Alikaa chini. Baada ya kuachana na kaka yake alinunua meza yake mwenyewe, akaisogeza ukutani kama inavyomfaa mtu wa mkono wa kulia, dirisha likawa kushoto. Akapaka koti lile kwa mwanga wa dirisha lake. Hakukusudia ujeuri, hata hakufikiri. Mkono ulifuata dirisha, na miaka minane hakuna aliyegundua kwa sababu hapakuwa na uso wa kumsuta.

Njia zilikuwa mbili. Uso ni mdogo kama kokwa la tende. Kuugeuzia kivuli ni kazi ya jioni mbili, na Mashoto kwa jicho lile pengine asingejua. Koti lilimchukua miezi mitatu, na zilibaki siku ishirini na moja.

Alichukua brashi ya uso. Aliichovya, akaipunguza kwenye kitambaa, akaisogeza hadi karibu na shavu, hata nywele za brashi zikakaribia kugusa. Hapo ndipo alipoona kitu kingine: macho hayakuwa na nukta. Kila mpakaji humalizia jicho kwa nukta nyeupe, ndogo kuliko chembe ya chumvi, na bila hiyo jicho linakuwa limekufa. Mashoto hakuwahi kuisahau katika maisha yake. Fundi Meno aliogopa, na aliona haya, vyote kwa wakati mmoja. Akaiosha brashi akairudisha kwenye kopo.

Siku iliyofuata alianza koti.

Kulikwangua hakuthubutu, vishikizo vya mkanda vingekatika. Ilibidi apake juu ya rangi ya zamani, tabaka jembamba juu ya tabaka, rangi iliyozimuliwa hadi ikawa kama maji ya maziwa. Palipokuwa na jua akatia kivuli, palipokuwa na kivuli akatia jua. Alianza na mgongo kwa kuwa mgongo husamehe, akaja kwenye mikono, akaacha kifua mwisho. Alilipenda lile koti kuliko vazi lolote alilowahi kuvaa mwenyewe, na kila mkunjo alioufuta ulimuuma. Siku ya tisa alikosea: aligeuza mfuko wa kulia mara mbili kwa uchovu, ukarudi ulikotoka, akatukana peke yake.

"Unamfulia?" mke wake aliuliza mlangoni.

"Namgeuza."

"Si ungegeuza kichwa tu? Kidogo hicho."

"Hicho si changu."

Mke wake alimtazama kidogo, akaenda kuleta taa ya pili. Tangu siku hiyo hakusema tena habari za likizo.

Vifungo vilikuwa kumi na kimoja, na hivyo ndivyo vilivyomshinda. Rangi mpya ilijaa kwenye kingo zake, ukali ukapotea, vikawa kama vipele. Angefurahi kama angekuwa na wiki moja zaidi. Ijumaa ya mwisho alipaka vanishi isiyong'aa, akakigundisha kichwa, na macho akayaacha kama yalivyokuja.

Jumapili asubuhi alifanya jambo moja zaidi. Alivuta meza kutoka ukutani, akaweka kiti ng'ambo ya pili.

Mashoto aliingia akiwa ameshikwa kiwiko na mkewe, amekonda, shati limepigwa pasi. Walisalimiana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nyumba inanuka thina ya rangi. Nzuri."

Fundi Meno alimkalisha kwenye kile kiti. Mashoto alitulia, akageuza uso polepole hadi joto la jua likamkuta shavu la kulia. Alinyoosha mikono, Fundi Meno akampa askari.

Alimtazama kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuweza kumwona wote pamoja. Alimsogeza mbele ya jicho lake lililobaki kipande baada ya kipande, kama mtu anayesoma barua yenye maandishi madogo: buti, pindo, mkono, mkanda. Mke wake na mke wa Fundi Meno walikwenda jikoni wenyewe. Alipofika kifuani, Mashoto aliacha kutazama. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya vifungo, kimoja kimoja, kutoka juu hadi chini.

"Rangi ni nzito hapa."

"Ndiyo."

"Wewe hupaki rangi nzito. Umerudia."

"Nimerudia."

"Koti zima?"

"Zima."

Mashoto alifikiri. Haikumchukua muda, alikuwa fundi.

"Lilikuwa linatazama dirisha lako."

"Ndiyo, kaka."

"Ungepaka uso, ungemaliza kwa siku mbili. Mimi nisingejua."

"Pengine usingejua."

Jikoni kitu kilianguka na shemeji akacheka. Mashoto alimweka askari mezani, akamshika kwenye ubao aliosimamia.

"Ule mdomo wa mpiga ngoma," alisema. "Ulikuwa sawa. Siku ile ile niliona uko sawa, ndiyo maana nilikasirika. Ungeniambia tu."

"Ningekwambia, ungekataa."

"Ningekataa. Halafu ningeamka usiku nikatia mwenyewe."

Fundi Meno alicheka, na macho yalimjaa machozi, akayaacha yamtoke kwa kuwa aliyekaa mbele yake hangeyaona. Kisha akaona haya kwa kuwaza hivyo, akasema kwa sauti, "Nalia, kaka."

"Nasikia. Pua yako tangu utotoni haina siri." Akamgusa askari usoni. "Macho yake umeyaacha hivyo hivyo."

"Si uso wangu."

"Nilijaribu mara tatu. Mara mbili nilitia nukta kwenye pua, ya tatu sijui niliitia wapi. Nikafuta zote kabla mke wangu hajaona." Aliusukuma ubao wa askari ukateleza hadi katikati ya meza, uso ukimwelekea mdogo wake. "Tia wewe."

Fundi Meno alitafuta brashi yenye nywele chache kuliko zote. Alifungua kichupa cha rangi nyeupe, akachovya ncha, akaipunguza ukuchani. Alijua vizuri inakokwenda. Alikuwa ameijua tangu akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Upande gani, kaka?"

"Kulia," alisema Mashoto. "Dirisha liko kulia."

Alikumbatia ubao kwa mikono yote miwili askari asitikisike, akabana pumzi kama walivyozoea. Fundi Meno alitia nukta ya kwanza, kisha ya pili, akaondoa brashi. Mashoto alimgeuza askari amwelekee, akainama mbele, akalitafuta jicho la askari kwa jicho lake, huku na huku, asilipate.

"Imekaa?" aliuliza.

"Imekaa," alisema mdogo wake.