Pilipili wa Greymarsh

Horace Ramsden alipofariki mwezi wa pili, nilibaki mwanachama pekee wa Chama cha Waliosoma Greymarsh. Tulianza watu kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyesoma Greymarsh, kwa sababu shule hiyo haikuwahi kuwapo. Ilikuwa ndani ya gazeti la hadithi za watoto lililotoka kila Jumamosi, na sisi tulilisoma hapahapa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, chini ya meza, baba zetu wakidhani tunamenya viazi. Horace alikuwa kondakta wa tramu. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu nikaenda kiwandani kufuma nguo. Lakini mabweni ya Greymarsh niliyajua kuliko chumba changu, na kaka yangu amekwenda kaburini bila kujua nani alikuwa akimwibia gazeti lake.

Kila Alhamisi saa kumi tulikutana sebuleni kwangu, tukaongea kama wavulana wa gazetini. Ukiongea kama mtu mzima, unanyang'anywa biskuti.

"Masalale! Bwege wee, umeikalia keki!" Horace alizoea kusema.

"Kelele, tumbo pipa! Kiranja akija utanyooka!" nilimjibu.

"Yalaa! Nakufa, jamani! Nakufa kishujaa!"

Yeye alikuwa Andazi. Mimi, mwenye miaka sabini na minne na nyonga moja ya chuma, nilikuwa Pilipili.

Baada ya mazishi zilipita Alhamisi sita bila mtu wa kuniita Pilipili. Muuza nyama huniita Bibi Entwistle. Daktari huniita "mama", tena kwa kupayuka, kana kwamba nyonga ndiyo inayosikia. Paka haniiti kabisa. Nikabandika tangazo maktaba: anatafutwa mtu anayejua maneno ya wavulana wa shule za bweni, chai ipo.

Akaja Bwana Lionel Fawcett, mchora ramani mstaafu. Huyu alisoma bweni la kweli, lenye kanisa lake na Kilatini chake, tangu ana miaka minane. Nikaona nimeokota dhahabu. Sisi tulikuwa waigaji, huyu alikuwa ndiye mwenyewe.

"Karibu, kichwa maji!" nikamwambia mlangoni.

Akavua kofia. "Samahani, Bibi?"

"Si ndivyo mlivyosalimiana?"

"Hapana. Tuliitana kwa majina ya ukoo."

"Na mtu akiumia? Hamkupiga yalaa?"

"Hatukupiga kelele, Bibi. Haikuruhusiwa."

Nikamkaribisha kitini, nikammiminia chai. "Gazeti lenyewe ulilisoma?"

"Nyumbani, kabla sijapelekwa. Nililisoma mpaka likachanika. Nikaenda shule nimeyakariri maneno yote, nikayasema siku ya kwanza." Akakoroga chai aliyokwisha kuikoroga. "Sikuyasema tena."

Hapo ndipo nilipopaswa kumsikiliza. Lakini nilikuwa na haraka ya kuitwa Pilipili. Nikamweleza mila yetu: mwanachama mpya huinama juu ya mkono wa kochi, anachapwa sapatu moja, anapiga yalaa, tunacheka, tunakula. Horace siku yake alilia kwa mbwembwe mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikavua sapatu langu la manyoya, rangi ya waridi. "Haya, inama, mhuni!"

Bwana Fawcett akasimama. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Juu yake akaweka miwani. Kisha akainama, akashika mguu wa kochi kwa mikono miwili, akafumba macho. Kisogo chake kilikuwa cheupe kabisa. Nikangoja acheke. Yeye alikuwa akingoja pigo.

Nikalirudisha sapatu mguuni.

"Chai inapoa, Bwana Fawcett."

"Tayari?"

"Tayari."

"Sikusikia kitu."

"Siku hizi tunapiga polepole."

Akainuka, akavaa miwani, akaninyooshea mkono. "Asante, Bibi," akasema. Ndivyo walivyofundishwa, kumshukuru aliyewachapa. Nikaingia jikoni kukata keki, na nikachelewa huko kusudi.

Sasa anakuja kila Alhamisi, saa kumi kamili, na keki ya tangawizi mkononi. Tunazungumzia mvua, kabichi zake, nyonga yangu. Ni mtu mwema, na ninapomwigiza daktari anacheka mpaka anafuta machozi. Wiki iliyopita ulimi uliniteleza. "Masalale!" nikasema, na yeye akaweka kikombe mezani, akavua miwani. Tangu hapo nasema "jamani", kama wanawake wengine wa mtaa huu.

"Bibi Entwistle," huniambia akivaa kofia, "hizi Alhamisi zinanifaa sana."

"Hata mimi, Bwana Fawcett," namjibu. Na ni uongo nusu tu.