Jitu Lenye Mizinga Minne

Saa nne na dakika kumi asubuhi, jitu la roboti la Jemadari lilitokea kwenye skrini kubwa ya ukumbi wa michezo ya video likiwa na rangi tano, pembe mbili na mizinga minne. Miwili ilikuwa mabegani, mahali ambapo mtu mwenye akili huweka rada.

Jina la Jemadari alijipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuuza makava ya simu, na ungeijua bila kuuliza kwa kutazama tu jinsi alivyoliunda jitu lake. Kila kilichobandikika kilikuwa kimebandikwa.

Upande wa pili wa meza alikaa shemeji yake, mke wa kaka yake, dereva wa kreni kwenye ghala la vyuma. Kwa miaka miwili alikuwa ameshika kiti cha tatu katika timu ya ukumbi, na wiki hiyo timu ilikuwa inasafiri kwenda mashindano ya taifa. Kanuni ilikuwa fupi: anayetaka kiti amshinde mwenye kiti, raundi mbili kati ya tatu. Jitu la mwanamke huyu lilikuwa la kijivu, kama mchezo unavyolitoa. Alikuwa amelivua deraya yote ya mgongoni, akaliachia bunduki moja na upanga, na kijiti cha kuongozea akakipunguzia wepesi hadi jitu lifuate kidole badala ya kukitangulia.

Mumewe alikaa nyuma yao. Nyumbani alikuwa amemwomba mkewe amwachie mdogo wake kiti, kwa hoja kwamba kijana amejiandaa sana na familia itatulia. Mke alimjibu kwamba anayetaka kuachiwa aombe mwenyewe, mbele za watu. Jemadari hakuja kuomba.

"Shemeji, hilo lako limevaa au limevuliwa?"

"Limekuja kazini."

Watu walicheka. Jemadari akacheka nao, akidhani wamefurahia mzaha wake.

Raundi ya kwanza alishinda yeye. Mizinga minne ilifyatuka kwa pamoja wakati shemeji yake akikatiza uwanja wa wazi, na jitu la kijivu likasambaratika. Bahati hiyo Jemadari aliipokea kama haki yake. Alisimama akamweleza kila aliyekuwa karibu nadharia yake ya vita, ambayo kwa ufupi ilisema kwamba mizinga mingi ni mingi.

Raundi ya pili shemeji hakuingia uwanjani. Alipita kando ya ukuta akatokea nyuma. Jemadari alivuta kijiti kulia, na jitu likaanza kugeuka kama kabati linalohamishwa na watu wasioelewana. Nusu mzunguko ulilichukua sekunde tatu. Upanga ulihitaji mbili.

Jemadari alilalamika kwamba kijiti ni kibovu, msimamizi akambadilishia. Akalalamika tena kwamba katika mazoezi jitu liligeuka kwa sekunde moja na nusu, na alipima kwa saa mara ishirini. Hakudanganya. Uwanja wa mazoezi wa mchezo ule hauhesabu uzito wa risasi. Hapo unafyatua upendavyo, lakini jitu linatembea likiwa tupu. Hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa pili wa maelekezo, na Jemadari alikuwa ametazama picha. Kwa wiki sita alijifunza kuendesha jitu ambalo halipo.

Kanuni iliruhusu dakika tatu za kubadili vifaa.

"Toa ile mizinga ya mabegani," shemeji yake alimwambia kwa sauti ya chini. "Ulipima jitu tupu. Risasi ni mzigo, na mzigo ukishaanza kuzunguka hauna adabu."

"Umeanza kuniogopa, shemeji."

"Nakupa kipimo tu."

Hata kaka yake alimsihi asikilize. Jemadari alisema hakuja kufundishwa na mtu wa kuinua vyuma. Miguu ya jitu ilikuwa imeshazidiwa kwa tani tatu. Juu yake akapachika injini kubwa zaidi, yenye tani nne za ziada, akaamini amepata mwendo.

Raundi ya tatu ilidumu sekunde arobaini na moja. Jitu lilipiga hatua sita. Kwenye ya saba magoti yalichemka, na mchezo ukaifunga miguu ili ipoe. Kiunoni kwenda juu kila kitu kilifanya kazi: mizinga yote minne iliupiga ukuta kwa bidii. Shemeji hakuwa na haraka. Alizunguka, akakata goti la kushoto, akakata la kulia, jitu likaanguka kifudifudi.

Jemadari aliendelea kubonyeza vifungo kwa sekunde tisa. Kisha akatangaza kwamba mchezo wenyewe umetengenezwa vibaya.

Saa nne na dakika thelathini na nane msimamizi alimwandika dereva wa kreni kwenye kiti cha tatu, akauliza nani atashuhudia. Mumewe alichukua kalamu akatia saini.