Mwenzake 284

Tangu nirithi oveni ya marehemu mama, hapa Fes, hakuna mtu aliyewahi kuniagiza keki moja ya namba. Huagizwa mbili, za maharusi. Moja naiandika 220 kwa mdalasini, anaila bibi harusi. Ya pili naiandika 284, anaila bwana. Sababu anaijua kila mtu mtaani: chukua namba zote zinazoigawa 220 bila baki, yenyewe uiache, uzijumlishe, unapata 284. Fanya hivyohivyo kwa 284, unarudi kwenye 220. Kila mmoja kambeba mwenzake tumboni, na hakuna mwingine anayeenea humo.

Basi Alhamisi akaja msichana mmoja, Ibtisam. Mzuri haswa, sitadanganya.

"Mama Zuhur, naomba keki ya lozi. Ya 220, moja tu."

"Moja? Na bwana harusi ale nini, vidole?"

Akacheka. "Yake alishaila zamani. Ila 220 alimpa mtu asiyestahili."

"Maskini! Alimpa nani?"

"Mke wake. Mwanamke asiyejua hata kugawanya kwa mbili, eti. Na yeye ni mwalimu wa hesabu, mama, fikiria mateso yake!"

Jamani! Walimu wa hesabu wako wengi Fes, lakini hilo la kugawanya kwa mbili nimelisikia mezani kwangu miaka kumi na tisa, mbele ya wageni, na mimi nikicheka nao. Mjinga mimi.

"Anaitwa Wadii?"

"Kumbe unamjua!"

"Namfulia soksi."

Uso ukamshuka. "Aliniambia mmeachana."

"Leo asubuhi kala mayai yangu mawili, akaomba la tatu."

Nikatandaza unga mezani, nikaandika kwa kidole: 1, 2, 4, 71, 142. "Hizi ndizo zilizomo ndani ya 284. Jumlisha."

Akajumlisha polepole. "Mia mbili na ishirini."

"Imebaki ngapi ya kwako?"

"Hakuna," akasema, akatoka analia. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Mtoto wa watu kadanganywa kama nilivyodanganywa mimi.

Alasiri Wadii akarudi kutoka shule, chaki imemjaa mikononi. Nikamwekea chai ya mnanaa na keki moja.

"Leo kuna nini, sikukuu?" Akaigeuza, akaisoma. "283?" Midomo ikaanza kumcheza: mbili haiingii, tatu haiingii, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Alipofika kumi na saba akacheka. "Umekosea, Zuhur. Hii haigawanyiki ila kwa moja na yenyewe. Si nimesema siku zote? Kugawanya hujui!"

"Yenyewe iache. Jumla ni ngapi?"

"Moja."

"Basi hiyo ndiyo yako: moja, peke yako, humbebi mtu. Ibtisam alikuja leo kuagiza ya kwake."

Akakirudisha kikombe mezani.

"Nguo zako ziko kwenye sanduku, pale mlangoni," nikamwambia. Nilijua nikilia atapata pa kuanzia, kwa hiyo sikulia.

Akabeba sanduku lake akaenda.

Keki hakuionja. Asubuhi nilikaanga mayai mawili kwa mazoea, nikayatupa, nikaila ile 283 mwenyewe.