Siku Lenah Alipoiosha Ndoo ya Habibo

Kipindupindu kilipoingia mtaa wetu wa Shauri Moyo mara ya mwisho, tulitumiwa gari lenye kipaza sauti badala ya fundi wa bomba. Bomba la majitaka limepasuka nyuma ya nyumba zetu tangu nikiwa na nywele kichwani, na mimi si mtu wa kusahau. Nawakumbuka wote waliokuja kulipiga picha. Basi gari likazunguka likipiga kelele: "Ua viini! Ua viini vyote!" Kila mlango ukapewa chupa ya jiki. Uchafu wao, kazi yetu.

Nawaandikia nyinyi mlio shuleni kwa sababu ya hilo neno "vyote".

Jirani yangu Habibo hupika anjera, ile mikate laini ya Kisomali yenye vitundu juu kama sega la nyuki. Karibu ploti nzima, sisi wapangaji wa uwanja mmoja, huinywea chai. Unga wake huuchachisha ndani ya ndoo ambayo haioshwi kamwe. Akimaliza kupika huacha utando mzito chini na pembeni, na jioni humimina unga na maji mapya juu ya utando huo. Mama yake alikuja nao kutoka Garissa, kwenye kopo alilolipakata njia nzima. Mama alipofariki, Habibo akaendelea kuulisha.

Sagal, binti yake, alipojifungua huko Eastleigh, Habibo akaenda kumkanda na kumpikia. Ndoo akaiacha kibarazani, imefunikwa kwa sahani. Lenah wa mlango wa pili, mama wa kutoka Vihiga, akaifunua. Akaona utando wa kijivu, akasikia harufu ya uchachu, na lile gari lilikuwa limepita asubuhi hiyo. Akamhurumia mwenzake: maskini, ametoka mbio hata ndoo hakuosha. Akaisugua kwa jiki na waya mpaka ikang'aa, kisha akaianika juani.

Habibo aliporudi alisimama mbele ya ndoo ile kama mtu aliyekuta mlango umevunjwa.

"Nani ameosha?"

"Ni mimi, Mama Sagal," Lenah akajibu akicheka, akingoja shukrani. "Ilikuwa inanuka! Nikasema nikusaidie."

Habibo akaketi chini pale pale kibarazani. "Lenah, umemwosha mama yangu."

Lenah hakuelewa. Alipoeleweshwa alijishika kichwa. "Si walisema vyote? Nzomo, si uliwasikia? Walisema vyote!"

Niliwasikia, na nilitukana mpaka watoto wakaitwa ndani. Kiini cha kipindupindu ni adui, hilo silibishii. Kinatoka kwenye bomba lile na kinaua. Lakini anayewaambia watu waue vyote hajui anachosema, au anajua na anataka mtazame ndoo zenu badala ya bomba lake.

Habibo akajaribu hamira ya dukani. Unga ukaumuka, akapika, akaonja, akatema. "Hii ni mandazi imelala." Akajaribu unga na maji matupu. Ukakaa kimya, halafu ukanuka soksi. Akaumwaga, akafunga mlango. Asubuhi ile ploti ilikunywa chai kavu, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Ndipo Lenah akaja na bakuli. "Mama Sagal, fungua. Nimeleta kimea. Ni wimbi. Tunaloweka, linaota, tunaanika, tunasaga. Ukitia kwa unga, lazima uamke."

Habibo akachungulia kwenye ufa wa mlango. "Hiyo si ndiyo ya pombe, ya busaa?"

"Busaa ni busaa, dada. Hii ni ya uji wa watoto. Hata mimi ni mtu wa kanisa!"

"Nzomo, anadanganya?"

"Hadanganyi," nikasema. "Wimbi likiota, wanga wake unageuka sukari, na juu ya punje wanakaa hao hao wadogo tunaowatafuta. Kulewa hakuko ndani ya punje."

Habibo akafikiri sana. "Uji nakunywa," akasema hatimaye, akafungua.

Akakoroga kwa mkono mtupu, kama alivyofundishwa, akaifunika ndoo. Hatukuondoka. Jua lilipokuwa linateremka, Habibo akainua sahani, akatuita kwa kidole. Tukainamisha vichwa vyetu vitatu.

Ndoo ilikuwa inanong'ona.

Sina neno lingine. Kiputo kimoja kilipasuka, halafu kingine, kama mvua inayoanza mbali juu ya mabati. Mimi nimesoma habari za viumbe hawa kwenye vitabu vinavyouzwa kwa kilo sokoni Gikomba ili vifungiwe njugu. Nilijua hamira ni kuvu, ndugu wa uyoga na wa ule ukungu wa kijani unaoota kwenye mkate wenu mkiusahau kabatini. Nilijua hamira hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotoboa vitundu vya anjera. Nilijua uchachu ni kazi ya bakteria, ambao hutengeneza asidi na kuwafukuza waharibifu. Nilijua penisilini, dawa iliyookoa watu wasiohesabika, ilianza kama ukungu. Lakini kujua si kusikia. Ndani ya kijiko kimoja cha uji ule walikuwamo viumbe wengi kuliko watu wa Nairobi nzima, wanakula, wanazaana, wanapumua, na hakuna aliyewapa kibali. Mtu kama mimi, niliyezoea kupiga kelele, nilijikuta nimeziba mdomo kwa kiganja nisije nikawakatiza.

"Wako hai," Lenah akanong'ona.

"Nyamaza, tusikie," Habibo akasema.

Asubuhi akamimina uji kwenye kikaango kwa kuzungusha, kutoka katikati kwenda nje. Vitundu vikafunguka kimoja kimoja, kisha vyote. Akakata kipande, akatafuna macho yakiwa yamefumbwa. Lenah alikuwa ameishikilia leso yake kwa mikono miwili.

"Si yake," Habibo akasema.

Lenah akaishusha leso.

"Ya mama ilikuwa kali zaidi. Hii ina utamu kwa nyuma, kama wimbi." Akakata kingine, akatafuna polepole. "Ya mama imekwenda, Lenah. Haitarudi."

"Nisamehe, Mama Sagal."

"Kula kwanza. Nitakusamehe ukishiba."

Tulikula wote. Kisha Habibo akamwambia Lenah alete sufuria, akaimiminia nusu ya uji uliobaki. "Ilikaa ndoo moja miaka yote, ndiyo maana ikafa siku moja. Hii itakaa nyumba mbili. Ilishe kila jioni."

"Na sufuria nisioshe?"

"Ukiiosha nitahama."

Lenah akaibeba kuvuka uwanja kwa hatua ndogo ndogo, mkono mmoja juu ya kifuniko, akiwaambia watoto wapishe njia.